Gharama na Faida ya Kusomea Sheria

Katika vijiji vyetu huku Masasi, mtoto akifaulu kidato cha sita katika Historia, Kiswahili na Kiingereza, watu hawangoji kumwuliza atasoma nini. Humjibia wenyewe: "Huyu atakuwa wakili." Neno hili huwafurahisha wazee, maana jina la wakili lina heshima, na watu wengi hudhani ya kuwa mahali penye heshima fedha nazo hazikosekani. Walakini ni wachache waketio chini na kuuliza maswali mawili: Masomo haya yatatugharimu nini? Nayo yataturudishia nini, na baada ya miaka mingapi?

Wako waonao haya kuuliza hivyo. Wasema kuwa elimu haipimwi kwa shilingi, na mwenye kuipima ana roho ya uchuuzi. Sisi hatukubali. Mkulima hupima shamba kabla ya kununua mbegu, na mwashi huhesabu matofali kabla ya kuchimba msingi. Na wasomaji wa gazeti hili waujua sana mfano wa mtu aliyeanza kujenga mnara asiweze kuumaliza, watu wakamcheka. Kuhesabu si kuidharau elimu. Ni kumheshimu mtoto, asije akaachwa katikati ya njia. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukoo wetu umelazimika kulifungua daftari hilo kwa ajili ya mpwa wetu, binti wa dada yetu, nasi twaona yafaa kuwaandikia wenzetu tuliyoyapata humo.

Kwanza yatupasa kujua heshima hii ya uwakili imetoka wapi. Kabla ya mwaka 1961 hapakuwa na chuo kikuu cha kufundisha sheria katika Tanganyika, wala Kenya, wala Uganda. Mtu wa nchi hizi aliyetaka kuwa wakili alisafiri mpaka Uingereza, akakaa London miaka kadhaa mbali na watu wake. Na katika masharti aliyopaswa kuyatimiza, mojawapo lilikuwa kula chakula cha jioni mara nyingi pamoja na mawakili katika nyumba za vyama vyao. Ni nani katika babu zetu aliyeweza kulipa nauli ya kwenda kula chakula hicho? Ndipo mwezi wa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kikafunguliwa Dar es Salaam. Kilianza na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria, chenye wanafunzi 14.

Wanafunzi 14! Siku zile hesabu ilikuwa nyepesi. Serikali changa zilikuwa na haja kubwa ya mahakimu na wanasheria wa kwao wenyewe, hata aliyemaliza masomo alikuta kiti kinamngoja. Bibi Julie Manning, aliyesoma sheria hapo Dar es Salaam katika miaka ya 1960, akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji katika nchi yetu, na mwaka 1975 akawa Waziri wa Sheria. Wazee wetu waliyasikia mambo hayo, wakakata shauri ya kuwa sheria ni njia ya utajiri na ukubwa. Kwa wakati ule walikata shauri jema. Lakini leo vyuo vikuu vifundishavyo sheria ni vingi, na mawakili walioandikwa katika orodha ya nchi wamekwisha kupita 10,000. Siku hizi kiti hakimngoji mtu. Mtu ndiye angojaye kiti.

Pili, yatupasa kuujua urefu wa njia. Wengi wadhani ya kuwa mtu akiisha kupata shahada ya sheria amekwisha kuwa wakili. Sivyo. Shahada yenyewe ni miaka 3 au 4, kwa kadiri ya chuo. Kisha, kwa sheria iliyotungwa mwaka 2007, atakaye uwakili hana budi kuingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoko Dar es Salaam, ambayo wanafunzi wake wa kwanza waliingia mwaka 2008. Huko hukaa mwaka mmoja, akijifunza darasani na kutumwa mahakamani na katika ofisi za mawakili. Akifaulu, huomba kuandikishwa, na kungoja siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Hata akiisha kuapa, kila mwaka hana budi kulipia hati ya kumruhusu kufanya kazi, na kutoa ada ya Chama cha Mawakili cha Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954. Kwa hiyo mzazi asemaye, "Mwanangu atasoma miaka mitatu," na aongeze. Toka kuingia chuoni mpaka kuvaa joho la wakili ni miaka 5 au 6, ikiwa hakujikwaa njiani.

Tatu, fedha. Hapa twataka kila msomaji achukue kalamu. Tarakimu tutakazoandika ni za mfano, tulizozitumia katika kikao cha ukoo; kila mzazi na aziondoe, aweke zile atakazopewa na chuo chenyewe. Tuseme ada ya mwaka ni shilingi 1,300,000. Chakula na malazi 2,400,000. Vitabu, nauli na mavazi 500,000. Jumla ni shilingi 4,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni 16,800,000. Tuseme mwaka wa mafunzo ya vitendo Dar es Salaam utakula 5,000,000. Basi jumla yote ni shilingi 21,800,000.

Watu wengi huishia hapo, nao hukosea, maana wamehesabu fedha zitokazo mkononi tu, wakasahau fedha ambazo hazikuingia. Mtoto akaaye darasani miaka 5 ameiacha kazi nyingine ambayo angaliifanya. Tuseme angalikwenda kusomea uuguzi miaka 3, kwa gharama ya 3,000,000 kwa mwaka, yaani 9,000,000, kisha akapata kazi ya mshahara wa 500,000 kwa mwezi. Katika miaka 2 ambayo mwenzake bado yu chuoni, mwuguzi huyu amekwisha kupokea 12,000,000. Basi tofauti ya njia hizi mbili ni hii: gharama ya sheria yazidi ya uuguzi kwa 12,800,000, na mshahara uliokosekana ni 12,000,000. Jumla ni 24,800,000. Huu ndio mzigo halisi wa kuchagua sheria badala ya uuguzi.

Sasa tuulize faida. Tuseme wakili apata shilingi 300,000 kila mwezi kuliko mwuguzi. Gawanya 24,800,000 kwa 300,000. Utapata miezi 83, yaani miaka karibu 7, kabla hajafika pale alipo mwuguzi. Kama zaidi yake ni 100,000 tu kwa mwezi, ni miezi 248, yaani miaka 20 na miezi 8. Tena kama aliapishwa, akakaa miaka 2 bila kazi, kama tuwaonavyo vijana wengi, ongeza 12,000,000 nyingine juu ya mzigo; hapo hata akizidi kwa 300,000 itampasa kungoja miezi 123, yaani miaka 10 na robo. Wazee katika kikao waliposikia hesabu hii walinyamaza kitambo. Mmoja akasema, "Mwalimu, mkorosho wazaa mapema kuliko wakili." Watu wakacheka, lakini neno lake lilikuwa la kweli: mkorosho uliotunzwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu.

Nne, mkopo. Wako wasemao, "Serikali itamlipia." Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005, nayo imewasaidia watoto wa maskini wengi sana, hata katika vijiji vyetu. Twaishukuru. Lakini neno mkopo maana yake ni deni. Tena si kila aombaye hupewa, wala si kila apewaye hupewa yote. Na wakati wa kulipa una masharti yake. Zamani mwajiri alikata asilimia 8 ya mshahara; tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri naye ana wajibu wa kulipa kila mwezi. Jambo moja jema ni kwamba mwaka 2021 iliondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni kunenepa hata mtu akilala.

Tuseme kijana ana deni la shilingi 14,000,000, na mshahara wa msingi wa 1,000,000. Kila mwezi zitakatwa 150,000, na deni litakwisha baada ya miezi 94, yaani miaka 7 na miezi 10. Na iangaliwe sana: mkopo si gharama mpya juu ya zile tulizozihesabu, wala si zawadi ya kuzipunguza. Ni gharama ile ile iliyosukumwa mbele, itoke mikononi mwa wazee na kumngoja mtoto mlangoni pa kazi yake ya kwanza. Hata hivyo sisi twaona ni afadhali deni la namna hii kuliko deni la mkopeshaji wa mjini, achukuaye kadi ya benki na hati ya nyumba. Maana Bodi hukata mshahara uliopo, bali mkopeshaji huyo huchukua nyumba hata mshahara usipokuwapo.

Tano, hatari. Mwenye kuhesabu faida ya kazi bila kuhesabu uwezekano wa kuikosa ni kama mkulima ahesabuye magunia kabla ya mvua. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka kwa habari za mtihani wa hiyo Taasisi ya mafunzo ya vitendo. Katika wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote ni 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani. Na 265 waliondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza, mwenyekiti wake Dakta Harrison Mwakyembe. Tusiitumie habari hii kuwatisha watoto, maana wale 342 walipewa nafasi ya kurudia, na mwaka mmoja si miaka yote. Lakini tusiifiche pia. Kila mmoja wa hao 633 alikuwa na shahada mkononi. Kila mmoja alikuwa na watu nyuma yake waliouza kitu.

Na sisi tulio walimu tuna neno letu hapa. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, jambo tulilolifurahia. Hata hivyo vitabu vya sheria ambavyo mwanafunzi atavisoma chuoni vingi bado ni vya Kiingereza, na hukumu za zamani ambazo hana budi kuzijua zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mtoto aliyefaulu Kiingereza kwa kukariri majibu ataingia humo kama mtu aingiaye mto uliojaa asijue kuogelea. Kabla ya mzazi kutoa shilingi moja, amwulize mwalimu wa mtoto, si, "Je, amefaulu?" bali, "Je, aweza kusoma kurasa 20 za Kiingereza usiku mmoja, na asubuhi kueleza kwa maneno yake mwenyewe zilizosema?" Swali hili halina ada, na lingaliokoa mashamba mengi.

Sita, mapato yenyewe. Jina la wakili ni moja, lakini mapato yake si mamoja. Wako mawakili wa makampuni makubwa na mabenki ya Dar es Salaam, ambao mapato ya mwezi mmoja yashinda mavuno ya kijiji. Wako mahakimu na mawakili wa Serikali, wenye mshahara wa kadiri, usio mkubwa sana lakini hauna kiangazi. Na wako walio wengi, wenye chumba cha kupanga katika mji wa wilaya, meza moja na mhuri mmoja, waishio kwa kuandika mikataba ya viwanja na kushuhudia viapo. Mwezi huu wala nyama, mwezi ujao wala kisamvu. Mzazi akitaja uwakili humfikiria yule wa kwanza. Mtoto huenda akawa yule wa tatu. Basi hesabu ya busara ni ile iwezayo kusimama hata kwa yule wa tatu. Kama ukoo waweza kuvumilia mtoto awe wakili wa meza moja, bila njaa na bila fitina nyumbani, na waende. Kama hesabu yao yasimama juu ya Dar es Salaam peke yake, wanacheza kamari, ingawa huiita elimu.

Sasa tueleze shauri la ukoo wetu. Mpwa wetu alipofaulu, mjomba wetu mkubwa alisema tuuze shamba la bibi, lenye mikorosho 60. Mnunuzi alikuwa tayari na shilingi 9,000,000. Kwetu huku mikorosho si miti tu. Shamba lile ndilo lililotusomesha sisi tuandikao haya, hata tukawa walimu. Nalo latazamiwa na watoto wengine watatu walio nyuma ya binti huyu. Tuliketi, tukahesabu. Mwaka mzuri mti watoa kilo 10, yaani kilo 600 kwa shamba zima. Kwa bei ya 2,500 ni shilingi 1,500,000. Toa salfa, palizi na makato, yabaki kama 1,000,000. Bei hupanda na kushuka, nasi twakumbuka msimu wa mwaka 2018, wanunuzi walipotaka kutoa bei ndogo, Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, ikatuma askari wa jeshi kuzisomba. Hata hivyo mti haukosi kabisa. Basi anayenunua shamba kwa 9,000,000 atakuwa ameirudisha fedha yake kwa miaka 9, na mikorosho itaendelea kumzalia yeye na watoto wake miaka mingi baada ya hapo. Tungelipa miaka miwili na kidogo ya chuo kwa mali itakayozaa maisha ya mtu. Tena miaka mingine ya masomo ingelipwa na nini? Shamba lingekuwa limekwisha, na njia isingekuwa imefika nusu.

Tulipomaliza hesabu, tulimwita binti mwenyewe aseme neno lake. Baadhi ya wazee walidhani atalia. Hakulia. Alituamkia wote kwa adabu, kisha akasema: "Wajomba zangu, hesabu yenu nimeisikia, wala siipingi. Lakini mmehesabu atakachopata wakili. Hamkuhesabu kilichopotea kwa kukosa wakili."

Sote tulijua asemalo. Shemeji yetu, baba yake, alipofariki, ndugu zake walitoka wilaya nyingine, wakaja na karatasi wakisema nyumba na kiwanja ni vya ukoo wao, na mjane aondoke. Dada yetu hakujua kusoma lugha ya karatasi ile. Alikwenda hapa na pale miezi 14, akiuza kuku na nguo kwa ajili ya nauli, na binti huyu, aliyekuwa darasa la sita, akimfuata na kushika mkoba. Mwishoni msichana mmoja aliyejifunza kazi ya usaidizi wa kisheria alimwonyesha mama huyu mahali pa kwenda na neno la kusema, bila kumtoza kitu, nyumba ikapona. Kiwanja hakikupona, maana kilikuwa kimekwisha kuuzwa. "Kiwanja kile kilikuwa cha shilingi ngapi?" binti akauliza. "Na miezi 14 ya mama yangu ni shilingi ngapi? Ziandikeni nazo."

Tukaziandika. Hatuoni aibu kusema ya kuwa tarakimu zile zilibadili sura ya ukurasa. Hazikufanya ada kuwa ndogo, wala hazikuufanya mshahara wa wakili kuwa mkubwa. Lakini zilitufundisha ya kuwa katika daftari la elimu iko safu ya tatu, zaidi ya matumizi na mapato: hasara ambayo ukoo hauipati kwa sababu yuko mmoja wao ajuaye sheria. Safu hiyo haionekani katika hati ya mshahara, nayo ni fedha kweli kweli. Ila safu hiyo ina swali lake tena, nasi tulimwuliza bila kumficha: Je, kwa kuilinda nyumba ya mjane lazima mtu awe wakili kamili? Maana tangu ilipotungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa, na msichana yule aliyemwokoa dada yetu hakuwa na shahada. Tena kiko Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto, kifundishacho sheria kwa ngazi ya cheti na ya stashahada, kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo kuliko shahada. Na afauluye vema aweza kuendelea juu baadaye.

Shauri tulilolikata ni hili. Shamba haliuzwi, wala haliwekwi rehani. Mavuno ya kila mwaka yatagawanywa: nusu kwa binti huyu, nusu kwa watoto walio nyuma yake. Binti ataomba mkopo wa Bodi. Akiupata kwa kadiri ya kutosha, aende chuo kikuu kusoma sheria, na nusu ya mavuno iwe nyongeza yake. Asipoupata, aende Lushoto kuanza na stashahada, kisha apande kidogo kidogo. Fedha ya mwaka wa mafunzo ya vitendo ianze kuwekwa akiba tangu sasa katika chama cha akiba cha kijiji, maana wengi huishiwa hapo hapo, wakiwa na shahada mkononi na mlango mbele yao. Tena tuliandika katika karatasi, wazee wakatia sahihi na wengine kidole, ya kuwa akimaliza hatadaiwa na ukoo kurudisha fedha taslimu. Atadaiwa kuwasomesha hao watatu kwa kadiri ya uwezo wake. Twaliandika jambo hili kwa makusudi, maana tumewaona vijana waliokimbia vijiji vyao kwa sababu kila jamaa alidai sehemu yake ya mshahara wa kwanza.

Mkopo aliupata, si wote, lakini sehemu kubwa. Hivi sasa yu katika mwaka wa pili. Mikorosho ipo. Mwaka jana mvua ilinyesha wakati wa maua, mavuno yakapungua, naye alikaa muhula mzima akila mara mbili kwa siku. Hatujui kama atakuwa wakili wa kampuni kubwa au wa meza moja. Twajua tu ya kuwa akikwama, hatutakuwa tumepoteza vyote viwili, mtoto na shamba.

Basi, ndugu wasomaji, haya ndiyo tuliyoyapata katika daftari letu. Msiuze mali izaayo kila mwaka ili kulipa ada ya miaka michache. Hesabuni mpaka siku ya kuapishwa, si mpaka siku ya shahada. Hesabuni na mshahara uliokosekana. Pimeni faida kwa wakili wa kawaida, si kwa yule mnayemwona katika picha. Ulizeni walimu juu ya lugha ya mtoto kabla ya kuuliza benki juu ya fedha. Kisha, mkiisha kuhesabu yote, mwulizeni na mtoto mwenyewe kwa nini ataka kazi hiyo. Akijibu kwa ajili ya gari na suti, mwonyesheni hesabu ile ya miezi 248. Akijibu kwa neno lililotoka katika maisha yake, mwonyesheni hesabu ile ile, msiifiche hata mstari mmoja; na kama baada ya kuiona bado asimama, tafuteni njia, nanyi msilizime taa lake kwa sababu mafuta ni ghali.

Mwalimu,
Masasi